Mwenye Mgonjwa: Mkono Unaouguza katika Fasihi ya Kiswahili na Kipimo cha Nyumba ya Kiembeni

Katika wodi za hospitali za Mombasa kuna swali ambalo huulizwa kila asubuhi, daktari apitapo kitanda hadi kitanda: "Mwenye mgonjwa ni nani?" Anayenyanyuka kujibu aghalabu ni mwanamke. Amebeba chupa ya chai, kanga ya kubadilisha na bahasha ya karatasi za vipimo, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala. Hilo ndilo jina lake kwa muda wote atakaokuwa pale. Lugha imempa umiliki wa maradhi yasiyo yake, wala haikumpa jina la kazi anayoifanya.

Makala haya yanakusudia kuchunguza nafasi ya mtu huyu katika fasihi ya Kiswahili, na hasa katika matini mbili zilizotenganishwa na zaidi ya karne moja na nusu: Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, na Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege iliyotolewa mwaka 2020. Kipimo kitakachotumiwa ni nyumba ya kawaida ya Kiembeni, katika Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa. Mhakiki anayeandika juu ya kuuguza wazee bila ya kujiuliza kitanda cha mgonjwa kimewekwa chumba gani, na maji ya kumwogeshea yametoka wapi, anahakiki mawazo matupu. Hoja ya msingi ni kwamba fasihi hii inalijua kwa undani mkubwa deni la mwana kwa mzazi, na inaijua pia lugha ya kuutunza mwili wa binadamu, lakini ni nadra mno mambo hayo mawili kukutanishwa.

Kitenzi chenyewe kinafaa kutazamwa kwanza. Kuuguza kumetokana na kuugua kwa mnyambuliko wa kutendesha, kama vile kulaza kulivyotokana na kulala na kuliza na kulia. Kwa mantiki ya sarufi, anayemuuguza mwenziwe angekuwa ndiye anayemsababishia ugonjwa. Matumizi ya wasemaji yameikataa mantiki hiyo: kuuguza ni kukaa na mgonjwa katika kuugua kwake mpaka kufike kikomo, kiwe uzima au mauti. Hapana shaka ni miongoni mwa vitenzi vizuri kabisa vya lugha hii. Lakini nomino muuguzi imekwisha kuchukuliwa na wizara na vyuo. Leo ni mtu mwenye sare, cheti na mshahara. Binti aliyeacha kibarua chake ili akae na mamake hakubakiwa na nomino. Mlezi ni wa mtoto, na kumwita binti mlezi wa mamake ni kukiri kwamba mama amegeuka mtoto, jambo ambalo wengi wa Pwani hawalitamki mbele ya mzazi mwenyewe. Mtunzaji, nalo, ni neno linalonuka ofisi. Ndipo wodi ikabuni lake: mwenye mgonjwa.

Upungufu huu wa nomino una mwenziwe katika tanzu. Fasihi simulizi ya Pwani ina bembelezi kwa mtoto anayelazwa, nyiso kwa anayetiwa jandoni, nyimbo za vugo kwa anayeozwa, na mbolezi kwa aliyefariki. Karibu kila hatua ya umri ina wimbo na mwimbaji wake. Baina ya vugo na mbolezi mna miaka ambayo mtu hudhoofika polepole, na miaka hiyo haina utanzu. Mama anayemlaza mwanawe huimba. Binti anayemlaza mamake hunyamaza. Yumkini sababu ni kwamba bembelezi humwahidi mtoto kuwa atakua, ilhali anayemlaza mzee hana la kumwahidi.

Katika ngano mzee wa kike yupo tele, ila yupo peke yake. Bi kizee wa hekaya hukaa kibandani, pembeni mwa mji au kando ya mwitu. Humpokea msafiri, humlisha, humpa siri ya kulishinda zimwi. Msimulizi hasemi ni nani aliyemtekea maji bibi huyo wala ni nani anayemkanda miguu. Fikra ya mzee asiye na mtu ina hatari zake ikizoeleka, na Kilifi, inayopakana na Kisauni, ambako wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, inazijua hatari hizo kuliko mhakiki yeyote.

Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga utendi wake akiwa mgonjwa, miaka miwili hivi kabla ya kufariki. Una beti 102. Kiini cha tukio ni maradhi yaliyokwisha kumshika kwa muda wa mwaka, na mwito kwa bintiye, Mwana Hashima, aje karibu na wino na karatasi. Kwa muda mrefu utendi huu ulisomwa kama mwongozo wa unyumba, na chapa ya Alice Werner na William Hichens ya mwaka 1934 iliutia muhuri huo hata katika jina la kitabu. Wahakiki wa baadaye, akiwemo Ann Biersteker mwaka 1991, waliupinga usomaji huo wa juu juu na kuonyesha kwamba ndani ya utii unaofundishwa mna maarifa ya mamlaka na hata kejeli. Hoja zao zina uzito. Hata hivyo, pande zote mbili zimeshughulika na mume na mke, na chumba ambamo maneno yanasemwa kimesahauliwa.

Chumbani mle mna mgonjwa mmoja, naye ni mama. Beti zinazomhusu mume ni hazina ya msamiati wa kuutunza mwili: kuwa karibu naye alalapo, kumpapasa, kumpatia upepo, kumnyoa na kumtengeneza ndevu, kumfukiza manukato asubuhi na jioni, kumchukulia kama mtoto ambaye bado hajajua kusema. Mtu aliyewahi kumuuguza mzee aliyepooza atazitambua kazi hizi moja baada ya nyingine. Atatambua zaidi ile ya mwisho, kwani kiharusi mara nyingi huuchukua ulimi pamoja na mkono. Utendi, basi, una lugha iliyokamilika ya uuguzaji, na umeielekeza kwa mwili ambao hautajwi kuwa na maradhi yoyote. Mwili unaougua, ule ulio mbele ya binti wakati wino unakauka, haukupewa hata ubeti mmoja wa kupepewa.

Yawezekana kuwa ni staha ya mama. Yawezekana pia, na usomaji huu haujapewa nafasi inayostahiki, kwamba Mwana Kupona anazijua kazi hizi kwa undani kwa sababu anafanyiwa. Mgonjwa aliyelala mwaka mzima hujifunza upepo unavyopaswa kupepewa na mkono wa kupapasa unavyopaswa kuwa mwepesi. Ukisomwa hivyo, wasia juu ya mume unakuwa pia shukrani ya kichinichini kwa binti: mama anaitaja kazi ya bintiye kwa kuihamishia kwa mtu mwingine, kwa vile kuitaja moja kwa moja kungekuwa ni kumwaibisha yeye mwenyewe aliyelala. Ushahidi wa matini hautoshi kuuthibitisha usomaji huu. Unatosha kuufanya ufikiriwe.

Kuna jambo la pili ambalo wahakiki wenye kujali matabaka hawakupaswa kuliacha lipite. Mume asikose upepo, utendi unataka. Na anayepepea anatajwa kwa neno moja tu: mtu. Katika nyumba za waungwana wa Pate, Siyu na Lamu za miaka ile, mtu huyo aghalabu alikuwa mtumwa au mjakazi. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Kwa hiyo mkono unaouguza katika matini hii umefichwa mara mbili: mara ya kwanza nyuma ya binti asiyesema, na mara ya pili nyuma ya mtu asiye na jina. Wanaoililia nyumba ya zamani yenye ukumbi na ndani, iliyojaa wanawake wa kupokezana mgonjwa, wamkumbuke na huyo mwenye kipepeo mkononi. Hakuwa shangazi.

Mwana Hashima hajibu. Umbo la wasia halimruhusu. Utanzu huu, ambao Shaaban Robert aliuendeleza katika Utenzi wa Hati kwa bintiye na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume, humpa mzazi sauti na mwana masikio. Nyuma ya umbo hilo imo aya inayojulikana na kila Mwislamu wa Pwani, katika Surat al-Israa, inayomtaka mwana amfanyie mema mzazi aliyefikia uzee na kumkataza hata mguno wa kuchoshwa. Aya hiyo ni ya huruma kuu kwa mzee. Lakini inafaa pia kusomwa kama ushahidi wa kitu kingine: hakikatazwi kisichokuwepo. Aliyeteremshiwa katazo hilo anajulikana kuwa atachoka na kwamba pumzi itamtoka kwa sauti. Dini imeutambua mguno kwa kuukataza. Fasihi iliyofuata imelitii katazo kiasi cha kusahau kwamba kuna anayejizuia, na kujizuia kwake ni mgogoro wa ndani ambao mtunzi yeyote angefurahi kuupata.

Hapo ndipo Bembea ya Maisha inapostahiki sifa. Arege, ambaye wasomaji wengi walimfahamu kwa Mstahiki Meya ya mwaka 2009, ameuweka ugonjwa wa Sara, mama mtu mzima, katikati ya msuko, na wanaohangaika naye wamepewa midomo ya kusema. Miongozo ya wanafunzi imeorodhesha maudhui ya tamthilia hii kuwa ni ndoa, ulevi, mila na mabadiliko, na ikauweka uuguzaji chini ya kichwa cha uwajibikaji, kana kwamba ni tabia njema tu. Hilo ni kosa la uainishaji lenye gharama. Mtahiniwa wa kidato cha nne anayeisoma tamthilia hii nyumbani Kiembeni, huku nyanyake akiwa amelala chumba cha pili, anafundishwa kwamba anachokiona mlangoni kwake si maudhui.

Tamthilia inamgawa mwenye mgonjwa mafungu. Neema, bintiye Sara mwenye kazi mjini, anabeba gharama za matibabu. Asna, mdogo wake asiye na uwezo kama huo, anatazamiwa kutoa mahali pa kulala. Dina, rafiki na jirani, anashika jiko la Sara kijijini. Yona, mume, anasukumwa kuyatafakari upya mazoea ya mwanamume kukaa akisubiri kuandaliwa hali mkewe hawezi, na mazungumzo yake na wenziwe juu ya jambo hilo ni miongoni mwa sehemu zenye ukweli mwingi. Mgawanyo huu ni wa kitabaka. Aliye na fedha anatoa fedha. Asiye na fedha anatoa chumba na usingizi wake. Mtunzi ameliona hilo kwa jicho kali.

Kikwazo kikuu kinachozuia fedha na kitanda visikae chini ya paa moja ni mila: mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe, na Bunju, mume wa Neema, anaishikilia mila hiyo. Kiembeni inausaidia na kuusahihisha usawiri huu kwa wakati mmoja. Ni kitongoji cha watu waliotoka kwingi: kisiwani Mombasa, vijiji vya Mijikenda, Taita, Ukambani, hata magharibi ya Kenya. Kwa baadhi yao kauli ya Bunju ni sheria isiyohitaji maelezo. Kwa Mswahili wa Mji wa Kale ni kichekesho, kwani desturi ya zamani ilikuwa bwana harusi kuhamia kwao mke, na mama mkwe ndiye mwenye nyumba. Tofauti hiyo ingetarajiwa kuwaokoa wazee wa Waswahili. Haiwaokoi, kwa sababu nyumba yenyewe imebadilika. Nyumba ya kupangisha ya vyumba viwili, iliyokusudiwa mfanyakazi, mkewe na watoto, haina chumba cha mgonjwa. Mama akiletwa, watoto wanahamia sebuleni, au yeye ndiye anayelazwa sebuleni, akawa anabadilishwa nguo nyuma ya pazia huku wageni wakibisha hodi. Kinachomzuia mama si mila tena. Ni kodi ya nyumba. Bunju angekuwa mhusika mzito zaidi lau mtunzi angemvua kisingizio cha mila na kumwacha akabiliane na idadi ya vyumba.

Dosari kubwa zaidi ni ya kifani. Mazungumzo ya tamthilia yamejaa nauli, dawa, malipo na safari ya hospitali. Kuosha, kugeuza na kulisha hakukupata onyesho lake. Yatosha kufikiria siku moja ya Kiembeni ili pengo hilo lionekane. Maji ya bomba hayatoki kila siku, hivyo hununuliwa kwa mitungi ya lita 20 inayoletwa na mikokoteni, na mgonjwa asiyejimudu huogeshwa zaidi ya mara moja. Lazima ageuzwe ubavu kila baada ya saa chache, usiku na mchana, la sivyo mgongo huota vidonda. Nepi za watu wazima ni ghali, kwa hiyo kanga kuukuu huchanwa. Siku ya kliniki, mzee asiyeweza kuketi hawezi kupanda matatu. Hutafutwa tuktuk hadi barabara ya Malindi, kisha gari la kukodi lipite Kongowea na Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, mpaka Hospitali Kuu ya Pwani. Kila moja ya kazi hizi ni kitendo, na tamthilia ni utanzu wa vitendo. Na hapo hajatajwa msichana wa kazi, ambaye katika nyumba nyingi ndiye anayezifanya zote hizi kwa ujira mdogo, mrithi wa yule "mtu" wa Mwana Kupona.

Kuna watakaojibu kwamba ni haya. Jukwaa la shule haliwezi kuonyesha mwana akimtawaza mamake. Jibu hilo halipuuziki. Sitara ni nguzo ya maisha ya Pwani, na sitara hiyo hiyo ndiyo inayoleta mtihani mzito kabisa wa uuguzaji: mama mjane ambaye aliyebaki nyumbani ni mwanawe wa kiume pekee. Dada zake wameolewa mbali au wako Ghuba wakifanya kazi katika nyumba za wengine, wakituma fedha za kumlipa mtu wa kumwosha mamao. Mwana huyo anaweza kumbeba mama, kumlisha, kumkesha. Akifika penye beseni anasimama mlangoni na kumwita jirani. Jirani asipokuwepo? Fasihi ya Kiswahili haijalijibu swali hili, na sababu haiwezi kuwa upungufu wa lugha. Washairi wa Mombasa, tangu zama za Muyaka, wamesema kwa fumbo mambo mazito kuliko hilo bila ya kumvua mtu nguo. Na Mwana Kupona alikwisha kuonyesha kwamba mwili unaweza kushikwa kwa maneno na adabu isivunjike. Kinachokosekana ni ridhaa ya kumtazama anayeshika beseni kuwa ni mhusika.

Sheria nayo imefuata nyayo za fasihi, au huenda ni kinyume chake. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mzee haki ya kutunzwa na kusaidiwa ipasavyo na familia yake na dola. Familia ni nomino ya jumla. Hailali macho, haiumwi kiuno. Mpango wa Inua Jamii, uliopanuliwa mwaka 2018 ili kuwafikia wenye miaka 70 na zaidi, uliweka shilingi 2,000 kwa mwezi mikononi mwa mzee, na ni haki yake. Aliyemfikisha kuzipokea hakuandikwa popote. Tofauti iliyopo baina ya katiba na tamthilia ni kwamba katiba haina budi kusema kwa jumla. Tamthilia haina udhuru huo.

Sara anapozungumza juu ya maradhi yake msomaji anamsikiliza na kumhurumia, kama alivyosikilizwa Mwana Kupona. Neema anasikilizwa anapotaja fedha. Asna angesikilizwaje saa nane za usiku, mama akiita kwa mara ya tano, naye ana kazi ya kuamkia? Angesema nini, na angeguna? Hilo ndilo onyesho ambalo mtunzi mwenye kipaji cha Arege, mwenye sikio la mazungumzo ya nyumbani kama alilo nalo, angeweza kuliandika, na ambalo wanafunzi wa Kisauni wangeliigiza bila ya kufundishwa.

Kwenye faili la hospitali jina linaloandikwa juu, kwa wino mzito, ni la mgonjwa. La mwenye mgonjwa huandikwa chini, karibu na nambari ya simu.